Chuma cha Saba

Haya yote alinisimulia Shemeji mwenyewe, Jumatano asubuhi, alipoleta trei ya mayai akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, kiti kikalalamika. Alisimulia kwa kujipendelea, kama mtu yeyote mwenye makosa, nami nimeyanyoosha kidogo. Jambo moja tu alikataa kulisema. Nikambembeleza kwa chai, akakataa. Nikaongeza sukari, akanywa, akakataa. Mtalikuta mwishoni.

Wiki iliyopita tuliwaacha bandani. Gari la marehemu limeshushwa kutoka kwenye magogo, mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja. Likashuka, likatua, likainama. Upande wa dereva juu, upande wa abiria chini, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Na pale chini ya gari, kivulini, ikaonekana kandambili moja, kubwa, ya bluu.

Fundi akaiokota. Huyu ni mtoto wa kwanza wa Mama, na gari hilo aliliacha baba yake. Ni mwembamba, mafundi wenzake wanamwita Njiti. Akainyanyua ile kandambili kwa vidole viwili.

"Ya nani hii?"

Wote wakatazama miguu ya Shemeji, mume wa dada yake Fundi, mfuga kuku. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili ya bluu. Wa pili ulikuwa umejificha nyuma ya mwenzake.

"Zinafanana tu," Shemeji akasema.

"Shemeji."

"Sokoni ziko tele za hivi."

"Za namba yako hazipo sokoni, baba watoto," mke wake akasema. "Huwa tunaagiza."

Ndoa ina mambo yake.

Fundi akamsogelea. Kichwa chake kilimfika Shemeji kifuani, lakini spana aliyoishika ilikuwa ndefu. "Jana nilipokwenda kuoga uliingia chini ya gari langu. Umelegeza nini?"

"Mimi na mwili huu niingie chini ya gari? Nikishaingia natoka vipi?"

"Kwa kuacha kandambili."

Pale mlangoni kulikuwa na mtu mwingine, ameegemea fremu ya mlango, anafuta miwani yake kwa kitambaa na kutabasamu. Ndiye mnunuzi. Tumwite Miwani, kama wanavyomwita wao. Ana magari ya kale kumi na manne, yamefunikwa mashuka, na hajawahi kupanda hata moja. Hili alilitaka liwe la kumi na tano.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, makubaliano yalikuwa hivi. Mama ana dada yake mkubwa, anakaa mwendo wa saa tatu, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Miaka mitatu hawajaonana. Kila gari Mama analopanda linamtikisa nyonga, na hajawahi kufika nusu ya njia bila kuomba ashushwe. Basi akawaambia wanawe: "Leo saa tisa nitapanda hilo gari. Twende hadi machimboni turudi. Nikipitiwa na usingizi kabla hatujarudi langoni kwangu, gari linabaki, na Jumapili linanipeleka kwa dada yangu. Nisipolala, Miwani alichukue. Mtu anayeumia halali. Hicho ndicho kipimo changu."

Miwani naye akaweka sharti lake: ndani ya gari wakae watu tu, mzigo usiwemo. Fundi akakubali mbele ya mama yake.

Sasa ilikuwa saa sita na nusu mchana, na gari limeinama.

Fundi akalala chali akaingia chini. Alikuwa na utaratibu wake mtu huyu. Kila kipande cha chini ya gari alikivua, akakisugua kutu kwa brashi ya waya, akakipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu na nyeusi juu yake, akakitundika msumarini. Na nyuma ya kila msumari alikuwa amechora ukutani umbo la kipande chenyewe kwa chaki, ili kisipotee wala kisibadilishane nafasi na mwenzake. Ukuta wa kushoto vya kushoto, ukuta wa kulia vya kulia. Wakati wa kurudishia, kila nati aliyoikaza aliipiga mstari mmoja wa chaki, kutoka kwenye nati hadi kwenye chasisi. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika.

Wakamsikia akihesabu huko chini. Moja. Mbili. Tatu. Shemeji akajifuta jasho.

"Thelathini na sita," Fundi akasema. Sauti ilikuwa imepoa. "Mistari yote mizima."

"Nilikwambia," Shemeji akasema.

"Lakini sakafuni kuna mistari mingine. Hii si ya chaki. Hii ni ya mkaa."

Shemeji akakohoa.

"Kuna viboksi. Vinne huku, vinne huku. Na katikati umeandika 'njia'. Shemeji, hii ni nini?"

Mkewe akaweka mikono kiunoni, na Shemeji akaona bora aseme.

"Ni mashine zangu za kutotolea vifaranga. Nilikuwa napima zitakavyokaa gari likishaondoka. Nne huku, nne huku, na katikati nafasi ya kupita."

"Nani apite?" mkewe akauliza.

"Mimi."

Mke akapima kwa macho ile njia ya katikati, akampima mumewe, akageuka ukutani mabega yakimtikisika.

"Gari halijauzwa, Shemeji," Fundi akasema, akijivuta kutoka chini.

"Nilikuwa napima tu. Mtu kupima imekuwa kosa?"

Basi kumbe hakulegeza kitu. Alikuwa na tamaa ya banda, si zaidi. Lakini sasa mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu kama hakuna aliyelichezea gari, gari limeinama kwa nini?

Mama ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, fimbo yake magotini.

"Mwanangu. Springi ya nyuma, upande wa dereva, ina vyuma vingapi?"

Springi za gari hilo si za kuzungushwa. Ni vyuma bapa vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini.

"Saba," Fundi akasema.

"Na upande mwingine?"

"Sita."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Lakini ndivyo baba alivyoviacha. Nimechora kila kimoja pale ukutani, Mama. Baba hakuwa mtu wa kufunga chuma bure."

"Hakukifunga bure. Alikifunga kwa ajili ya tumbo lake."

Wote wakamgeukia.

"Baba yenu alikuwa na kilo mia na thelathini," Mama akasema. "Akikaa kwenye usukani gari linalalia kwake. Mimi nilikuwa nateleza kutoka kiti changu mpaka namwangukia begani. Mwanzo alifurahi. Baadaye bega likamuuma, akaenda kwa mhunzi, akaongeza chuma cha saba."

Fundi akatazama ukuta wake wa chaki.

"Lakini halikuwa limeinama nilipolivua."

"Springi zote zilikuwa zimechoka, zimelala. Wewe ukazipeleka kwa mhunzi, akazipasha moto, akazirudishia mkunjo wake, zikapata nguvu kama siku ile. Hujakosea hata nukta moja, mwanangu. Umemrudisha baba yako na kilo zake zote. Ila yeye mwenyewe hayupo."

Hapo, Shemeji anasema, hata Miwani aliacha kufuta miwani. Kisha akaendelea kufuta.

"Pole sana," Miwani akasema. "Niite lori?"

"Natoa hicho chuma," Fundi akasema.

Lakini kila springi ilikuwa imefungwa kwa vifungo vilivyokunjwa vikiwa vyekundu motoni. Kuvifungua kunataka mhunzi, na mhunzi alikuwa amesafiri kumzika mjomba wake. Kurudi ni Jumamosi.

"Basi naweka magunia mawili ya kokoto chini ya kiti cha dereva."

"Watu tu," Miwani akasema. "Hakuna mzigo. Ulikubali mbele ya mama yako."

"Alikubali," Mama akasema. "Nilisikia. Basi tuweke mtu."

Akageuza kichwa polepole. Fundi naye akageuza. Dada yake Fundi akageuza. Shemeji alikuwa anamenya yai la kuchemsha alilolitoa mfukoni, akainua macho.

"Mbona mnaniangalia?"

"Mkwe wangu," Mama akasema kwa upole, "una kilo ngapi?"

"Mama, hilo si swali la kumuuliza mtu mbele ya mkewe."

"Mia na ishirini na nane," mkewe akasema. "Tulipima mwezi uliopita, kwenye mizani ya chakula cha kuku."

Mama akafikiri.

"Mpeni yai lingine," akasema.

Fundi hakucheka. Alimvuta mama yake pembeni, lakini banda ni dogo, kila mtu akasikia.

"Mama, huyu ndiye anayetaka gari liondoke. Sasa tumpe yeye usukani?"

"Najua anachotaka. Lakini nyie wengine wepesi."

Shemeji anasema alijitetea sana, kwamba ana kazi, kwamba kuku hawajanywa maji. Mimi simwamini. Nadhani alikubali haraka, maana hapo hapo wazo lilikuwa limemwingia. Nani bora wa kuhakikisha Mama halali kuliko mtu aliyeshika usukani?

Na kama wazo halikumwingia lenyewe, Miwani alimsaidia kuliingiza. Saa tisa kasorobo, nyuma ya pipa la maji, akamshika kiwiko.

"Gari likiondoka leo, Ijumaa vijana wangu wanakuja kusafisha banda lote. Vyuma, matairi, magogo, kila kitu. Wanalipaka na chokaa."

"Chokaa?"

"Mara mbili. Sasa, kuna shimo kabla ya lile daraja dogo."

"Nalijua."

"Kama unalijua, usilikwepe."

Shemeji akakubali kwa kichwa. Haya amenikiri mwenyewe, akiwa ameinamia kikombe.

Saa tisa juu ya alama akafungua mlango wa dereva. Mlango ukalia. Fundi alikuwa ametengeneza kila kitu cha chini ya gari, milango alisema itafuata, na mlango wa dereva ulikuwa unasikika mtaa wa pili. Shemeji akaingia, akakaa.

Gari likashuka. Taratibu, bila kelele, upande wa dereva ukashuka mpaka ukalingana na mwenzake, ukasimama hapo hapo. Fundi akaweka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya boneti, akachuchumaa kuitazama. Maji yalikuwa yamelala sawa. Akaihamishia chupa kwenye dirisha la banda.

Miwani akaivaa miwani yake kuangalia, kisha akaivua.

Mama akakaa mbele, pembeni ya Shemeji. Nyuma wakakaa watatu: Fundi dirishani, Miwani katikati, dada mtu upande wa pili. Fimbo ya Mama ilibaki bandani, kwa sababu Miwani alisema hata hiyo ni mzigo.

Wakatoka.

Barabara ya machimboni mnaijua ilivyo, kila mji una ya kwake. Malori ya kokoto yameichimba mpaka inaonekana kama imelimwa. Shemeji akakanyaga mafuta. Alilenga matuta, alilenga mawe. Gari likawa linapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Bushi mpya za mpira hazikugonga, shokomzoba zikashika kila tuta na kuliweka chini kwa adabu. Fundi nyuma alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

"Kimya," akasema. "Mnasikia? Kimya kabisa."

"Nasikia upepo wa dirishani," dada yake akasema.

"Ndiyo nasema. Upepo tu."

Lile shimo likaonekana. Shemeji akashika usukani kwa mikono miwili, akalielekezea gurudumu la upande wa Mama, akaongeza mwendo.

Gari likazama, likainuka, likaendelea.

Mama hakuguna. Alitazama mbele, akatazama pembeni.

"Mkwe wangu. Lile shimo umeliona?"

"Sikuliona, Mama."

"Mimi nimeona umeliona."

Shemeji anasema masikio yalimchemka mpaka machimboni. Mkewe angemfokea, angejua la kumjibu. Huyu ni mama mkwe, na ameongea kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Akageuza gari kwenye lango la machimbo. Akatazama kioo, apate walau msaada wa macho ya Miwani.

Miwani alikuwa amelala. Mtu mwenye magari kumi na manne, siku aliyopanda gari la kale kwa mara ya kwanza maishani, alilala kabla ya nusu ya njia. Kichwa kiko kwenye bega la Fundi, mdomo wazi, miwani imening'inia sikio moja.

"Msimwamshe," Mama akasema. "Anaonekana hajalala vizuri siku nyingi."

Wakaanza kurudi. Haikupita muda dada mtu naye akaegemea dirisha, akaenda. Huyo alishona viti vyote vya gari hilo kwa mkono wake, tena usiku baada ya kazi, kwa hiyo kilikuwa kiti chake na usingizi wake.

Fundi akajitahidi. Siku mbili alikuwa chini ya gari. Shemeji akamwona kiooni akijifinya paja, akijipiga mashavu, akihesabu nguzo za umeme kwa sauti. Akafika nguzo ya kumi na moja, ya kumi na mbili akaisema nusu.

Wakabaki wawili. Shemeji na mama mkwe wake, na Mama macho makavu, anaangalia barabara kama askari wa zamu.

Shemeji akatabasamu kimoyomoyo. Kumbe kazi ilikuwa rahisi hivi. Gari limewalaza wote, lakini wote si Mama. Hahitaji tena shimo wala tuta. Aendeshe tu mpaka langoni, na banda ni lake, chokaa mara mbili.

"Mama, hujachoka?" akauliza, apate uhakika.

"Nimechoka sana."

"Nyonga inauma?"

"Haijauma hata kidogo. Mwanangu kafanya kazi."

"Basi mbona hulali?"

"Nikilala, nani atakuangalia wewe?"

Wakapita miti miwili mitatu.

"Watu walidhani mume wangu alikuwa ananilaza kwa springi," Mama akasema. "Hata huyu mtoto alidhani hivyo, miezi kumi na moja anasugua vyuma. Springi nzuri, sikatai. Lakini mimi nilikuwa nalala kwa sababu nilijua akiona shimo atalikwepa. Nilikuwa naweza kufumba macho. Si jambo kubwa, mkwe wangu. Ni kufumba macho tu."

Jua lilikuwa linashuka upande wa dereva. Lingempiga Mama usoni, lakini kati ya jua na Mama alikuwapo Shemeji, na Shemeji anaziba dirisha lote.

"Hata kivuli chako kinafanana na chake," Mama akasema. "Kinanifika hadi hapa." Akaonyesha kwa kidole, kwenye goti. Kisha akasema, si kwa Shemeji hasa: "Dada yangu anaoka mikate Jumapili. Miaka mitatu anaoka mmoja wa ziada. Jioni anaugawa."

Hapo daraja dogo likatokea. Na baada ya daraja, lile shimo.

Nilimuuliza Shemeji: ulifikiri nini? Akasema hakufikiri kitu. Akasema mikono yake ilikuwa kwenye usukani pale ambapo ngozi imelika, sehemu mbili, zimelika kwa mikono minene ya mtu mwingine, na vidole vyake vilikuwa vimeingia humo bila kutafuta. Akasema hiyo tu. Halafu akaomba sukari.

Alipunguza mwendo. Akalizunguka shimo, pole pole, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, kama mtu anayepita na sinia la vikombe. Tuta lililofuata akalipanda kwa pembe. Jiwe akalipisha katikati ya magurudumu.

Hakutazama pembeni. Aliona aibu kutazama.

Alipotazama, kidevu cha Mama kilikuwa kimegusa kifua. Mkono mmoja umeanguka wazi kitini. Pumzi inaingia na kutoka, na kila ikitoka inapuliza ukingo wa mtandio wake.

Shemeji akatazama mbele. Lango lilikuwa kule, wazi. Kati ya gari na lango zilikuwa zimebaki nguzo nne za umeme. Akazihesabu. Akazihesabu tena, zikawa nne.

Akatazama kioo. Fundi, usingizi. Dada mtu, usingizi. Miwani, usingizi wa kukoroma.

Ndipo alipoelewa. Mama amelala kabla ya lango, na duniani kote mtu aliyeona ni mmoja. Yeye. Yeye ambaye mistari yake ya mkaa iko sakafuni bandani.

Akapita lango kwa mwendo wa kobe. Akaingiza gari bandani, akalisimamisha juu ya viboksi vyake vinane, akazima injini.

Hakuna aliyeamka.

Akanyoosha mkono kwenye mlango, akakumbuka. Mlango huo ukifunguliwa unaamsha mtaa. Akaurudisha mkono mapajani, akakaa.

Basi mpate picha, saa kumi na robo alasiri, banda kimya, chupa ya maji imesahaulika kwenye dirisha la banda, na watu wanne wanalala ndani ya gari la marehemu wakiwa wameegemeana. Wa tano anatazama ukuta wa chaki, michoro ya vyuma kushoto na kulia. Upande wa dereva akaona saba. Cha saba kilikuwa kifupi kuliko vyote.

Miwani ataamka, akawaza. Ataamka na kuuliza swali moja tu: amelala kabla ya lango, au baada? Na wote watanigeukia mimi.

Akaliandaa jibu la kwanza. Lilikuwa fupi, na lilikuja na chokaa. Akaliandaa la pili. Nalo lilikuwa fupi, na halikuja na kitu, ila bandani hakuna nafasi na vifaranga watakaa wapi.

Akajigeuza kidogo akae vizuri, ili achague vizuri. Akagundua hakuhitaji kujigeuza. Miaka yote amekaa kwenye viti vinavyombana, vinavyolia, vinavyompa nusu ya mgongo, kikiwemo changu. Hiki kilikuwa kimebonyea pale alipokuwa amejaa, na kuinuka pale alipopungua. Dada mtu alishona kitambaa kipya, lakini shimo la chini halikuwa lake, lilichimbwa zamani na kilo mia na thelathini. Kilimpokea kila mahali.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, Shemeji anasema, limeshachaguliwa, moja kati ya mawili, na lipi ndilo alilokataa kuniambia, linangoja mtu aamke aulize.

Mama akavuta pumzi ndefu, mtandio ukapepea.

Shemeji akaegemeza kichwa nyuma kidogo tu, apumzishe shingo, na kabla hakijafika kwenye kitambaa cha kiti, naye akalala.